Mteja akisema "4G yangu haivuti"

Wewe unayeanza kazi ya simu hapa Busia, upande wetu wa Uganda, lalamiko hili utalisikia kila siku: simu imeandika 4G lakini video inazunguka tu. Usikimbilie bisibisi. Mwaka wangu wa kwanza nilimuuzia mama mmoja wa samaki simu mpya, kesho yake akarudi na shida ile ile. Pesa nilirudisha.

Herufi ile ya juu inakuambia simu imeshika mtandao wa aina gani, basi. Haikuambii mko wangapi mnaougawana. 4G ya kawaida inatajwa kufika megabiti 150 kwa sekunde, ila hapo ni kama mnara ni wako peke yako. Saa mbili usiku, watu wamefunga maduka na kila mtu yuko TikTok, ukipata 10 shukuru. Ndiyo maana 3G yenye watu wachache huishinda 4G iliyojaa. Kuna wateja nimewarudisha 3G kwenye mipangilio, wakaondoka wanacheka.

Ikitokea E, hiyo bado ni 2G: kilobiti mia na kitu. Ujumbe wa maandishi utapita, pesa za simu zitatumwa, lakini video msahau. Tena jifunze hesabu hii: spidi hupimwa kwa biti, bando huuzwa kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Faili la megabaiti 100 kwa megabiti 10 ni sekunde 80. Kwa kilobiti 100 ni zaidi ya saa mbili.

5G ilizinduliwa nchini 2023. Kabla hujamsifia mteja, hakikisha simu yake inaikubali na anakoishi ipo.

Sisi wa mpakani tuna letu: simu huvuka kwenda Kenya bila pasipoti, yaani inashika mnara wa Kenya mteja akiwa bado huku. Soma jina la mtandao kwanza, kisha umchagulie mteja wa kwao kwa mkono, usiuache ujichague. Wengine bando lipo lakini haliguswi, kumbe simu iko ng'ambo.

Spidi pima pale mteja anapotumia simu, saa anayoitumia. Yule mama wa samaki nilikuja kumfuata kibandani. Mabati kuta zote, mabati juu. Tukatoka nje hatua tano, video ikafunguka kwenye simu ile ile ya zamani.