Kabla Hujaandika Flagyl

Vijana wa fildi, karibuni. Kila kundi jipya likiingia, iwe Mbeya, Iringa au Njombe, wiki haiishi kabla cheti hiki hakijafika dirisha la dawa: mgonjwa alianza antibayotiki ya amoksiklavu Jumatatu, Alhamisi karudi anaharisha, kaandikiwa Flagyl (metronidazo) 2x3, yaani vidonge viwili mara tatu kwa siku, na sipro 1x2. Amoksiklavu haijasimamishwa. Sasa ana antibayotiki tatu tumboni na pakiti ya ORS, chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini, hana. Tunawapenda, lakini cheti hicho kimetuchosha.

1. Ulizeni historia ya dawa vizuri. "Unatumia dawa?" ni swali bovu, maana aliyemaliza dozi wiki mbili zilizopita atajibu hapana, na kuhara kwa antibayotiki kunaweza kuanza siku ya kwanza au wiki kadhaa baada ya dozi kuisha. Ulizeni: "Miezi miwili hii umemeza nini, hata cha duka la dawa muhimu, hata alichokugawia jirani?" Mama akisema "vile vya rangi mbili", mwambieni alete bahasha.

Sasa hilo kosa lenyewe, la kumwandikia Flagyl anayeharishwa na antibayotiki. Tukiri kwamba hata sisi wa zamani tulilifanya, kwa sababu vichwani mwetu kuhara ni amiba, na amiba ni Flagyl. Kumbukeni kinachotokea. Ndani ya utumbo mpana kuna bakteria wanaochachua wanga uliobaki na kuugeuza asidi ndogondogo, ambazo utumbo huzifyonza pamoja na chumvi na maji. Antibayotiki ikiwaua, sukari zinabaki na kuvuta maji, choo kinalainika. Wengi wa bakteria hao ni wale wasiohitaji oksijeni, na hao ndio hasa Flagyl inaowaua. Yaani umeona nyumba inavuja ukapanda kung'oa bati lililobaki. Juu ya hayo inaleta kichefuchefu na ladha ya chuma mdomoni, mgonjwa anakataa hata kunywa. Na Flagyl haichanganywi na pombe: ukiwa Iringa msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, nani atamzuia siku saba?

Mjanja mmoja atasema, "Lakini Flagyl inatibu C. difficile, yule bakteria anayeharisha baada ya antibayotiki." Ndiyo, pale vankomaisini ya kumeza haipo na ugonjwa si mkali: 500 mg mara tatu kwa siku, siku 10. Dawa yenyewe ni vankomaisini 125 mg mara nne kwa siku, siku 10, kwa mdomo. Ya mshipani haifiki ndani ya utumbo. Mfikirieni C. difficile mgonjwa anapoharisha mara tatu au zaidi kwa siku, ana homa na tumbo linauma, hasa akiwa ametoka wodini kwenye antibayotiki kama seftriaksoni au klindamaisini. Hapo antibayotiki iliyoanzisha husimamishwa ikiwezekana. Choo laini mara tatu bila homa, kwa mtu aliye siku ya tatu ya amoksiklavu, mara nyingi hutulia siku chache baada ya dozi kuisha. Kama nimonia inahitaji dozi, amalize.

2. 375 mbili si 625. Hili ni la dirishani. Kidonge cha amoksiklavu cha miligramu 625 kina amoksisilini 500 na klavulaneti 125. 375 ina 250 na hiyohiyo 125. Ukifidia kwa mbili, klavulaneti inakuwa 250, na kwa 1x3 mgonjwa anapata 750 kwa siku badala ya 375. Klavulaneti ndiyo inayoharakisha tumbo. 625 ikiisha, toeni 375 moja na amoksisilini 250 moja. Imezwe mwanzoni mwa mlo.

3. ORS: someni pakiti. Ya lita moja ni lita moja yote. Habari ya "robo pakiti kwenye kikombe" mwisho wake ni chumvi nyingi. Maji yachemshwe, yapoe, ndipo ichanganywe. Ikipita saa 24, imwagwe. Chini ya miaka 2, mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuharisha. Zaidi ya hapo, 100 hadi 200. Baridi ya Julai kule Makete haimpi mtu kiu, kwa hiyo mhesabieni vikombe. Mtoto aongezewe zinki 20 mg kwa siku, siku 10 hadi 14. Chini ya miezi 6, nusu yake.

4. Loperamaidi, dawa ya kuzuia kuhara: mtoto hapana, homa au damu hapana.

5. Kitakasa mikono hakiui mbegu za C. difficile. Sabuni na maji yanayotiririka, kitanda kifutwe kwa klorini.

6. Si kila kuhara kwa mmeza dawa ni kwa sababu ya dawa. Choo kama maji ya mchele, na jirani naye yuko hivyo: toeni taarifa ya kipindupindu kwanza. Mgonjwa wa CTC (kliniki ya VVU) anayemeza Septrini ya kinga miaka yote na sasa anaharisha wiki ya tatu, msiisingizie Septrini; pimeni choo, angalieni figo kama yuko kwenye tenofovia, dawa ya VVU.

Na kwenye faili andikeni jina la antibayotiki, tarehe ya kuanza na ya dozi ya mwisho. "Alitumia dawa" si historia.