Tejas na JF-17: ipi ni ya nyumbani?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, hapa Entebbe tumezoea ngurumo za ndege za kivita aina ya Su-30 za jeshi letu, zilizoundwa Urusi. Kati ya ndege za kivita Tejas ya India na JF-17 ya Pakistani, ni ipi iliyoundwa nyumbani kwa kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, tazama kwanza injini. Tejas husukumwa na F404 ya Marekani, kwa kuwa injini ya Kaveri, ambayo India iliihangaikia tangu miaka ya 1980, haikufikia nguvu iliyotakiwa. JF-17, iliyobuniwa pamoja na China na kuunganishwa Kamra, Pakistani, hutumia RD-93 ya Urusi. Ugumu uko kwenye mapanga madogo yanayozungushwa na gesi ya moto: katika injini za kisasa kila panga la sehemu yenye joto kali zaidi hutengenezwa kama fuwele moja ya metali, lenye vitundu vyembamba vya hewa ya kupoza, maana gesi hiyo ina joto linaloweza kuiyeyusha metali yenyewe.

Kwa ubunifu wa kiunzi, yaani mwili wa ndege, naitanguliza India, kwani takribani asilimia 45 ya uzito wa kiunzi cha Tejas ni mchanganyiko wa nyuzi za kaboni. Hata hivyo, Pakistani ilipata kikosi cha kwanza cha JF-17 mwaka 2010, India cha Tejas mwaka 2016.