Re: Upigaji mishale kwenye filamu za Wamongolia

Salaam mkuu. Umeuliza utajuaje kama upigaji mishale kwenye filamu za wapiganaji wa Genghis Khan ni wa kweli. Anza na kidole gumba. Wamongolia walivuta upote (kamba ya upinde) kwa gumba, likikingwa na pete ya mfupa, pembe au ngozi, na kwa anayevuta kwa mkono wa kulia, mshale ulikaa kulia mwa upinde. Mimi husimamisha video hapohapo nikautazama mkono. Vidole vitatu, mshale kushoto? Huo ni mtindo wa Ulaya. Podo (mfuko wa mishale) nalo liwe kiunoni, si mgongoni. Upinde uwe mfupi, wa mbao, pembe na kano. Mpiganaji akigeuka kupiga mshale nyuma farasi akikimbia, usidhani ni mbwembwe za sinema; hilo walilifanya kweli.