Mnaotaka kuzunguka visiwa vya Ziwa Victoria kwa tanga, pitieni hapa kwanza

Tulikua marafiki sita, na juu yetu mzee mmoja nahodha na kijana wake wa kumsaidia, mashua ya mbao yenye tanga moja, Mwanza mpaka Ukerewe, Ukerewe mpaka Ukara, siku nne. Katika safari zote nilizowahi kwenda sijaona iliyonipa raha kama ile, na humo humo ndani kuna usiku mmoja ambao mpaka leo nikisikia radi ya mbali najikuta nimeshika kitu chochote kilicho karibu. Nataka niwaeleze vyote viwili, raha na huo usiku, kwa sababu marafiki wameanza kuniomba niwaunganishe na wenye mashua na mi sipendi mtu aende kichwa kichwa.

Cha kwanza elewa upepo. Watu wa mjini tunadhani upepo unavuma tu unavyojisikia, kumbe wa ziwani una ratiba yake. Usiku nchi kavu inapoa haraka, ziwa lenyewe linabaki na joto lake, basi upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani mpaka asubuhi, mchana jua likishapasha ardhi mambo yanageuka unaanza kutoka ziwani kuja nchi kavu. Kwa mtu anayeanzia Mwanza hii ni neema tupu, maana visiwa viko kaskazini, asubuhi upepo unakusukuma kwenda na kuanzia mchana unakurudisha nyumbani. Sisi tuling'oa nanga saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua linachomoza tu, tukaipita ile miamba ya Bismarck iliyobebana kama vile mtu kaipanga jana usiku, tukakiacha kisiwa cha Saanane nyuma, mzee akatweka tanga. Lile tanga lilikua limeshonwa viraka vya rangi tatu, likajaa upepo mara moja, kishindo kama mtu kakung'uta shuka zito la blanketi, alafu kimya. Hakuna injini. Unasikia maji tu yanasugua mbao pembeni ya goti lako. Wote sita tuliacha kuongea na hamna aliyetuambia tunyamaze.

Sasa hiyo ratiba ina upande wake wa pili ambao ndio uliotukuta. Ule upepo wa usiku wa kutoka nchi kavu hautoki upande mmoja, unatoka kila upande, kwetu, Uganda, Kenya, wote unaelekea katikati ya ziwa, ukikutana kule hewa ya joto yenye unyevu haina pa kwenda zaidi ya juu, na hapo ndipo mvua za radi zinapozaliwa. Ndio maana unaweza ukalala Mwanza anga imejaa nyota na muda huo huo kule ndani wavuvi wako kwenye balaa. Ziwa lina ukubwa wa kilomita za mraba kama 68,800 lakini kina chake hakifiki hata mita mia, sehemu ya chini kabisa ni mita themanini na kitu, na mzee alituambia mawimbi yake ni mafupi yaliyosimama, yanakuja moja juu ya jingine, mashua haipati nafasi ya kupumua. Mtu aliyezoea bahari asije akalidharau kwa kuwa linaitwa ziwa. Na kama wewe ni muogeleaji wa pwani jua kabisa maji baridi hayakubebi kama ya chumvi, utachoka mapema.

Mzee alikua na kanuni moja. Alinyoosha mkono upande wa magharibi, kiganja kikiwa usawa wa bega, akasema jua likishuka likafika hapa, chombo kiwe kimeshafungwa. Siku mbili za mwanzo tulimsikiliza. Tulilala Nansio, mji mkuu wa Ukerewe, tukapanda mawe ya Handebezyo kutazama visiwa vyote vimetawanyika huko chini, tukavuka Ukara tukaona jiwe linalocheza na yale mashamba yao madogo madogo yaliyotunzwa mpaka unaona aibu kukanyaga pembeni. Siku ya tatu ndo tukaharibu.

Ilikua hivi. Mpango ulikua tutoke Ukara asubuhi. Tukachelewa, mara chai, mara picha, mara mmoja kapotelea kwa mama muuza samaki, ikafika saa nane mchana. Mzee akasema sasa tuvuke tu hapo mbele mpaka Bugolora, upande wa Ukerewe, mashua ilale pale, nyie mpande gari mpaka Nansio, kesho nawafuata. Wazo la maana kabisa. Lakini mwenzetu mmoja alikua na kikao cha kazi kesho yake jioni Mwanza, akaanza kuhesabu masaa, akasema tukizunguka kisiwa cha Ukerewe sasa hivi kwa tanga tutafika Nansio usiku, kesho asubuhi tunaondoka mapema. Mwingine akasema si upepo upo? Mwingine akasema tumekuja kwenye tanga au kwenye gari? Mzee akatuangalia, akarudia mara moja kwa upole, Bugolora ni hapo tu wanangu. Sisi tukambembeleza. Mtu mzima, tumemlipa, tuko sita, yeye mmoja, akakubali.

Niseme wazi mimi moyoni nilishajua sio sawa. Nilikua nimekaa mbele pale nayaona mawingu upande wa mashariki yamejaa kama pamba iliyoloa, tumbo limenikaza, na sikusema kitu, kwa sababu kila mtu alikua anacheka na mi sikutaka kuwa yule wa kuharibu raha. Baadaye tulipoongea kumbe wawili wengine walikua na hofu ile ile, wamekaa kimya kwa sababu ile ile. Watu watatu kati ya sita, mnaona jinsi ilivyo mbaya?

Jua lilipozama upepo ukakata. Shwari. Tanga likaning'inia kama nguo kwenye kamba, na sisi tuko upande wa nje wa kisiwa hatuko huku wala kule. Kijana akashika kasia, tukapokezana, mikono ya ofisini inatoka malengelenge ndani ya nusu saa. Ikawa giza, usiku usio na mwezi. Ndipo mzee akauliza, taa ziko wapi? Hatukumuelewa. Akasema siku za giza kama hizi wavuvi wa dagaa wanatoka wote, wanaelesha taa juu ya maji, ziwa linawaka kama mji. Na kweli usiku wa kwanza pale Nansio tulikua tumeziona, mwenzetu akadhani ni mtaa wa ng'ambo. Usiku ule hamna hata moja. Mzee akasema taratibu, hawajatoka. Akasimama akatua tanga mwenyewe, akalikunja, akalifunga kwa kamba mizunguko mingi kuliko siku zote, akatuambia tukae chini kabisa sakafuni, tuache mlingoti, na tukaze laifu jaketi.

Upepo ulifika kabla ya mvua, wa baridi, wa ghafla, kama mtu kafungua mlango wa friji. Sitaki kurefusha. Mzee aliigeuzia mashua usoni mwa mawimbi akaishikilia hapo, sisi wengine tunakumba maji kwa ndoo na kwa lile sufuria la wali, radi zikipiga naona nyuso za wenzangu zote mara moja alafu giza. Rafiki yangu mmoja alikua anahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka mia anaanza upya, aliniambia baadaye hakujua kama anahesabu. Upepo ulipopungua kidogo tukapiga kasia kuelekea kimwanga cha tochi ufukweni, ilikua kambi ya wavuvi, wanaume wakaingia maji ya kiunoni kutuvuta. Hawakutugombeza. Mmoja alisema tu tuliwaona kabla jua halijazama, tukasema hawa wanakwenda wapi.

Siku ile kabla hatujatoka Ukara tulikua tumepita pale Bwisya ambapo kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018, karibu kabisa na kufika, watu zaidi ya mia mbili wakafa, wengine wamezikwa pale pale kisiwani. Tulisimama tukanyamaza, mmoja wetu aliomba dua. Alafu masaa mawili baadaye tukambembeleza nahodha avunje kanuni yake. Hilo linanichoma kuliko mvua yenyewe.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa kabla ya mashua, kabla ya chakula, kabla ya hela, kaeni wote na nahodha akiwepo mkubaliane mambo mawili. Neno la nahodha kuhusu kuondoka na kutoondoka halibembelezwi, sio mara moja wala mara tatu. Na la pili, katika kundi lenu mtu yeyote akisema hapana, ni hapana, haulizwi sababu, hachekwi, hata kama ni yule muoga wa siku zote. Lisemeni kwa mdomo kabisa, msidhani inaeleweka, kwa sababu marafiki ndio watu wagumu kuambiana hapana. Na msipange kikao, mtihani, ndege, harusi, chochote kile siku ya kurudi wala kesho yake. Acheni siku mbili tupu. Ukishakua na pa kuwahi ziwani, umeshaanza kufanya maamuzi mabaya na bado hujapanda mashua.

Kabla ya kuondoka kila asubuhi sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, alafu teremka mwaloni, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi, ukaangalie wenyewe wanafanya nini. Wavuvi wakiwa wameketi wanashona nyavu saa ambayo wangekua majini, na wewe kaa.

Laifu jaketi inavaliwa, haikaliwi. Nimeona watu wanaifanya mto. Ivae ukiwa bado ufukweni, kaza mikanda, muombe mwenzako aivute juu kwenye mabega, ikipanda mpaka masikioni ni kubwa kwako, badilisha. Kamba ya tanga usiizungushe mkononi hata ukiona vijana wanafanya, mimi ilinichoma kiganja siku ya pili upepo ulipovuta ghafla, ngozi ilitoka mstari mzima na kupiga kasia na kiganja kile ilikua mateso. Msisimame wote upande mmoja kupiga selfi. Simu iwe kwenye mfuko usiopitisha maji na mtu mmoja awe na simu iliyozimwa yenye chaji kamili kwa ajili ya dharura tu, na mtu aliyebaki nchi kavu ajue mnalala wapi kila siku, msipofika saa mliyosema aanze kupiga simu.

Jua la juu ya maji linakuunguza mara mbili, kutoka juu na kutoka chini, beba nguo ya mikono mirefu na kofia yenye kamba, na asubuhi sweta, kuna baridi msiyoitegemea. Cha kula njiani beba kisichotaka moto, sisi matobolwa yalituokoa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, hayaharibiki na yanashibisha. Wadada, chooni ni ndoo na kanga, mwenzako anakushikia kanga wanaume wanageukia mbele, mkizungumza mapema hakuna aibu, msipozungumza utajibana masaa sita na kuacha kunywa maji, kitu ambacho ni hatari zaidi kwenye lile jua.

Kuogelea najua mtataka. Epukeni kabisa maji ya kina kifupi yenye matete, konokono wa kichocho wanakaa humo, na mamba na viboko nao wanapenda huko huko, waulizeni wenyeji wa kisiwa husika wao wanaoga wapi. Ukishaingia maji ya ziwa hata kwa bahati mbaya, baada ya wiki kadhaa nenda kapime kichocho, dawa yake ipo. Sisi tulipima wote, mmoja alikutwa nacho, akameza dawa akapona.

Mwaka uliofuata tulirudi, watano kati ya wale sita, na mzee yule yule. Siku tunatoka Ukara tulishapakia mpaka sufuria, saa nne asubuhi, jua zuri, mzee mwenyewe hana neno. Yule rafiki yangu aliyekua anahesabu akasimama mchangani ameshika viatu mkononi akasema mimi leo kuzunguka hapana. Hakuna aliyemuuliza. Tukavuka mpaka Bugolora tukashusha mabegi, tukakaa kando ya barabara tunakula matobolwa tukisubiri gari la Nansio. Mpaka jioni ziwa lilikua limetulia, halikuchafuka hata kidogo, na mpaka leo hakuna aliyemtania.