Bendi haisubiri mapumziko

Unasema kwenye mechi za futiboli ya Kimarekani bendi ya chuo huja kujaza muda wa mapumziko tu. Hapana ndugu, haiji kwa hilo tu. Nimewahi kuishi Columbus, jimbo la Ohio, Marekani, kwa hiyo nachukua mfano wa chuo kikuu cha huko, Ohio State. Saa kadhaa kabla ya mechi ya nyumbani bendi iko kwenye ukumbi wa St. John Arena, jirani na uwanja, inapigia maelfu ya mashabiki nyimbo za siku hiyo. Wapo wanaoenda pale na tiketi ya mechi hawana. Kisha inaingia uwanjani kwa kushuka njia ya mteremko, ngoma zikitangulia, na hapo kelele huwa kama goli limeshafungwa.

Kinachosubiriwa zaidi ni neno Ohio. Tangu 1936 wanamuziki hutembea kwa mstari mmoja wakiliandika kwa mwandiko wa kuunganisha, halafu mpiga sousafoni mmoja (tarumbeta kubwa inayozunguka mwili wa mpigaji) anajitokeza kwa madaha, anasimama juu ya herufi i kuwa nukta yake na kuinamia mashabiki. Mwanaanga John Glenn alipewa heshima hiyo 2009.

Mchezo ukiendelea hupiga vipande vifupi, ila timu zikishajipanga mpira uanze lazima inyamaze, wachezaji wasikie maelekezo. Na isiingie uwanjani mapema! Mwaka 1982 bendi ya chuo cha Stanford ilidhani mechi imekwisha, ikaingia. Mchezaji wa wapinzani wao, chuo cha California, akapenya katikati yao na mpira, akafunga, akamgonga mpiga tromboni. California wakashinda 25-20.