Usikate kwa hiyo 5.11! Mimi niliharibu madirisha 14 hivyo hivyo

Simama hapo hapo. Kesho usikate chochote.

Umeandika kwamba foromani wa mjengo wako kule Njoro amekutumia vipimo vya madirisha manane ya chuma kwa meseji, "5.11 kwa 4.10", nawe ukachukua kalkuleta ukazidisha kila namba kwa 304.8 ili upate milimita. Ukapata 1,558 kwa 1,250. Sasa unatuuliza kama hesabu iko sawa, na mteja umwombe malipo ya kwanza kiasi gani.

Hesabu haiko sawa, ndugu yangu. Hiyo 5.11 ni futi tano na inchi kumi na moja. Kinukta alichoweka foromani si nukta ya hesabu ya shule, ni mpaka tu kati ya futi na inchi. Futi ina inchi 12. Kwa hiyo 5 mara 12 ni 60, ongeza 11 upate inchi 71, zidisha kwa 25.4, unapata milimita 1,803. Wewe ulikuwa unaelekea kukata 1,558. Umepunguza milimita 246 kwa upana peke yake, na urefu nao umepungua 223. Mara nane.

Nimesoma swali lako usiku huu nikashindwa kulala, kwa sababu hilo ndilo kosa langu mimi, namba kwa namba.

Ilikuwa 2016. Karakana yangu iko karibu na soko la Kibuye hapa Kisumu. Nilipata kazi ya nyumba za kupanga kule Mamboleo, madirisha 14: kumi ya vyumba vya kulala na manne ya jikoni. Kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kushika. Foromani aliniandikia vipimo kwa penseli kwenye kipande cha mfuko wa simiti. Vyumba vya kulala: 4.10 kwa 3.11. Jikoni: 2.9 kwa 2.9. Basi. Hakuna neno futi, hakuna neno inchi.

Hadi mwaka huo nilikuwa nafanya kazi kwa inchi peke yake, jinsi nilivyofundishwa. Mzee aliyenifundisha hakuwa na kalkuleta. Alikuwa anasoma tepu na kutia alama kwa chaki, na sikumbuki akikosea. Lakini pale hadiwea nilipokuwa nanunua tyubu za chuma za fremu, muuzaji alinikalia kichwani wiki nzima kwamba mafundi wa siku hizi wanatumia milimita, inchi zimepitwa na wakati. Akaniambia, "Futi yoyote ile zidisha kwa 304.8. Kalkuleta haidanganyi." Akaniandikia hiyo 304.8 nyuma ya risiti.

Huyo mtu hadi leo nikimkumbuka nakasirika. Hakunidanganya, na hapo ndipo uchungu ulipo. Futi moja kweli ni milimita 304.8. Alinipa ukweli nusu kwa sauti ya mtu anayejua wote, na nusu nyingine ikanigharimu mimi. Yeye yuko nyuma ya kaunta, anauza tyubu ikiwa ndefu na anauza ikiwa fupi. Hajawahi kusimama mbele ya ukuta na dirisha mkononi.

Na usidhani sikuuliza. Nilimpigia foromani simu nikamuuliza, "Hizi ni futi?" Akajibu, "Ndiyo fundi, ni futi." Nikaridhika. Yeye alimaanisha futi na inchi, mimi nikasikia futi na sehemu za kumi. Baadaye aliponigeuka akasema kila fundi anajua hivyo ndivyo vipimo huandikwa. Kama kila fundi anajua, ingekugharimu nini kuandika herufi mbili tatu pembeni?

Tulikata siku mbili. Tukachomelea, tukasugua, tukapaka redi oksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu. Madirisha yalikuwa mazuri kweli, pembe zimekaa, bawaba zinafunguka kwa kidole. Jumamosi asubuhi tukayapakia kwenye pikapu.

Tulianza na chumba cha kulala cha nyumba ya kwanza. Mimi nilikuwa ndani, kijana wangu nje. Tukalinyanyua dirisha, tukaliingiza kwenye uwazi, likapita. Halikugusa jiwe upande wowote. Nikaliegemeza kulia, na upande wa kushoto nikauona uso mzima wa yule kijana, ananitazama kati ya fremu na ukuta. Nikaweka mkono: shubiri moja kamili. Juu nako shubiri moja, na zaidi kidogo. Waashi waliokuwa wakipiga plasta nyumba ya pili wakaacha kazi wakaja kuangalia. Foromani akauliza, "Fundi, hili ni la choo?"

Nikasema labda nimechanganya, labda haya ni ya jikoni. Tukakimbia na la jikoni. Hilo likakataa kuingia! Lilikuwa kubwa kuliko uwazi wake kwa milimita 46. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa, kwa sababu kama tepu yangu ingekuwa mbovu, basi yote yangepungua au yote yangezidi. Inawezekanaje kosa moja lifanye la chumbani kuwa dogo na la jikoni kuwa kubwa?

Nilikuja kuelewa usiku, mezani, na kile kipande cha mfuko wa simiti mbele yangu. Kwenye kalkuleta 2.9 ni karibu futi tatu kamili, yaani milimita 884. Kwa foromani ni futi mbili na inchi tisa, milimita 838. Lakini 4.10 kalkuleta inaitupa ile sufuri ya mwisho, inabaki 4.1, futi nne na kidogo tu. Kwa mtu wa mjengo 4.1 ni futi nne na inchi moja, na 4.10 ni futi nne na inchi kumi. Hizo ni inchi tisa za tofauti, na kalkuleta inazipa jibu moja! Ukiandika 4.10, ukiandika 4.1, ni 1,250. Jaribu mwenyewe sasa hivi kwenye simu yako uone.

Hasara ilikuwa shilingi 61,000, ukiacha siku zetu. Ya jikoni niliyaokoa kwa kuyakata na kuyachomelea upya. Yale kumi hayakuwa na dawa. Nilimsihi mwenye nyumba waashi wajazie mawe, akakataa, na alikuwa na haki yake. Manne niliyauza Kibuye Jumapili kwa bei ya kutupa, sita nikayavunja nikatengeneza vizimba vya kuku. Chuma cha kurudia kazi nilikopa kwenye chama, na nikalipa hadi mwaka uliofuata.

Wengine walisema ni kwa sababu sikusoma sana. Sikubali. Mwaka 1999 Marekani walipoteza chombo chao cha angani, Mars Climate Orbiter, kilipofika kwenye sayari ya Mirihi, kwa sababu programu moja ilitoa namba kwa vipimo vya pauni na nyingine ikazisoma kama nyutoni, kipimo kingine cha nguvu. Wale walikuwa wamesoma. Namba ilifika bila jina la kipimo chake, kama ile yangu ilivyofika kwenye mfuko wa simiti.

Kwa hiyo kwangu namba isiyo na jina haikati chuma. Ukiniletea 900 nakuuliza 900 ya nini. Mteja akisema "nusu" kuhusu bolti namwambia ataje, kwa sababu ya nusu inchi ni milimita 12.7, na nati ya milimita 12 haiwezi kuishika. Kijana akiandika ukutani 1473 bila "mm" mbele yake, namrudisha akaiandike, hata kama mteja amesimama pale. Na mtu asikwambie inchi ni 25, "hiyo nukta nne ni kitu kidogo". Kwenye inchi zako 71 hicho kitu kidogo ni milimita 28, dirisha linacheza ukutani. Inchi ni milimita 25.4 kamili, mataifa yalikubaliana hivyo tangu 1959.

Malipo ya kwanza: chukua yanayotosha kununua chuma chote, usipungue hapo.

Sasa mpigie foromani kabla hajalala. Usimuulize "hizi ni futi?", atakujibu ndiyo, kama alivyonijibu wa kwangu. Mwambie akutajie kwa mdomo: futi ngapi, na inchi ngapi. Andika vyote viwili kwa majina yake. Halafu asubuhi panda gari uende Njoro na tepu ile ile utakayokatia, pima kila uwazi juu, katikati na chini, uchukue kipimo kidogo kuliko vyote. Nauli ya Nakuru hadi Njoro na kurudi haifiki bei ya kipande kimoja cha tyubu. Ukishapima, andika hapa namba ulizopata, na "mm" mbele ya kila moja. Nitakuwa nasubiri kuziona.