Mashine ya kuosha vyombo kwenye jiko dogo, ninunue?

Dada yangu, umesema mko wanne, mmepanga Sinza, jiko lina sinki moja na kaunta isiyofika mita mbili, na shemeji anashikilia mnunue mashine ya kuosha vyombo. Kabla hujauliza bei, fungua bomba lako jioni. Likitoa maji kama uzi, mashine itagoma. Nyingi zinataka presha, na simtanki iliyokaa chini bila pampu haikusaidii kitu. Kama mnatumia maji ya kisima, yale magumu yasiyotoa povu, jiandae kwa glasi zenye ukungu mweupe.

Ile nyembamba ya kusimama ina upana wa sentimita 45. Ya juu ya kaunta ni kama 55, na hapo kitunguu utakatia wapi? Wakati wa kuchemsha maji inaweza kuvuta hadi karibu wati 2,000, kwa hiyo usiichomeke kwenye ekstensheni moja na birika la umeme.

Mimi nilikaa na moja miaka miwili. Sahani na vikombe, safi kabisa, sina neno. Sufuria ya ugali? Ukoko ulitoka umeng'ang'ania vilevile ulivyoingia, nikarudi kwenye stili waya huku mashine inanitazama. Mwiko wa mbao nao ukapasuka.

Kwa jiko lako, ningeweka kichanja cha ukutani juu ya sinki, vyombo vijichuruze humo humo, kaunta ibaki wazi. Na shemeji apewe zamu yake ya kuosha.